Aliyetoka Kilimani

Jumamosi, soko la Galway huwa halina pa kukanyaga. Nessa alikuwa kwenye foleni ya maandazi ya moto kando ya kanisa, amevaa koti la mvua la manjano juu ya gauni la sufu la kijani, nywele zimelowa na kumganda shingoni. Mbele yake kijana mmoja mrefu alikuwa akibishana na muuzaji.

"Nimeshakulipa," kijana alisema.

"Umenipa kifungo cha koti, kaka," muuzaji akamjibu. "Kizuri, lakini kifungo."

Nessa akacheka. Kijana akageuka, na kicheko kikamkauka Nessa mdomoni. Macho yale ya kijivu aliyajua. Mara ya mwisho kuyaona ilikuwa ndani ya kilima.

Mwaka juzi, akiwa na miaka kumi na sita, Nessa alikwenda kuchuma matunda pori kwenye kilima kilichoko nje ya Tuam, asionekane tena mpaka miezi mitatu ikapita. Mama yake aliamini, na anaamini mpaka leo, kwamba alitorokea Dublin. Ukweli ni kwamba aliingia kwa Watu Wema, wale wasiozeeka wanaoishi ndani ya vilima, ambao sisi huku hatuwaiti kwa jina lao hasa, wasije wakadhani tumewakaribisha. Huko alicheza ngoma, kwa hesabu yake, siku tatu tu. Kijana aliyecheza naye ndiye aliyemtoa mpaka mlangoni na kumwambia, "Nenda, usigeuke." Nessa hakugeuka. Lakini tangu siku hiyo hakuna mvulana mwingine aliyemwingia moyoni.

Sasa kijana yuleyule alikuwa mbele yake, amevaa suruali ya jinzi iliyoishia juu ya vifundo na sweta la mtumba lililomvuka mabega.

"Lorcan," Nessa alisema. "Wewe si wa huku."

"Uliniambia maandazi ya hapa ni matamu kuliko chochote cha kwetu. Nimekuja kuhakikisha."

"Usinitanie."

"Sikutanii," Lorcan akasema kwa sauti ya chini. "Nilipie, basi. Huyu bwana atanipiga."

Wakala maandazi wakiwa wamesimama mvuani, sukari imewajaa midomoni, na kabla hayajaisha walikuwa wameshashikana mikono.

Nessa akamnunulia simu ya bei rahisi, akaijutia siku hiyohiyo.

"Nessa. Ni mimi, Lorcan. Niko ndani ya simu."

"Hujaingia ndani ya simu, mpenzi. Na usipige kelele, darasa zima linakusikia."

"Nimekukumbuka."

"Tumeachana saa moja iliyopita."

"Saa moja ya huku ni ndefu mno. Sijui mnaivumiliaje."

Nessa, aliyekuwa akisomea uuguzi, akainamisha uso mezani ili mwalimu asione anavyotabasamu.

Doa lilikuwa moja. Kila siku alasiri Lorcan alitoweka, na akiulizwa alisema ana kazi. Akiulizwa ametokaje kilimani na atakaa mpaka lini, aligeuza maneno. Siku moja ya Aprili, wakiwa kwenye duka la chai karibu na mto, alikwenda kunawa akaiacha simu mezani. Ikalia. Maneno yakajitokeza mbele ya macho ya Nessa: *Njoo mapema, roho yangu. Nimevaa lile gauni la bluu. Mona.*

Lorcan aliporudi alikuta chai imesukumwa kando.

"Mona ni nani?"

Lorcan akaichukua simu mezani. "Siwezi kukwambia leo."

"Basi kesho usinipigie."

"Nessa, nisikilize—"

"Nimekusubiri bila kujua kama upo au ulikuwa ndoto. Wewe unavaliwa magauni ya bluu. Kaa naye."

Lorcan alipiga simu usiku na asubuhi, Nessa hakupokea. Lakini hasira ya mapenzi haina subira. Siku ya tatu alimngoja Lorcan kituoni, akapanda basi moja naye bila kuonekana, akashuka alikoshuka, Salthill, pale upepo wa bahari unapokupiga makofi. Kijana akaingia kwenye jumba jeupe lenye bustani. Nessa akamfuata, maneno makali ameshayapanga ulimini.

Ilikuwa nyumba ya kutunzia wazee. Kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa, Lorcan alikuwa amepiga magoti akimfunga kamba za viatu ajuza mmoja. Ajuza alivaa gauni la bluu lenye kola ya lasi, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, midomo imepakwa rangi.

Nessa akasimama mlangoni.

"Ndiye huyu?" ajuza akauliza, akimtazama kutoka juu mpaka chini. "Uliniambia mzuri. Hukuniambia ana hasira."

"Bibi, samahani," Nessa akasema. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake. Pacha wake. Mimi ndiye mkubwa, nilimtangulia robo saa, na hajawahi kunisamehe."

Nessa akakaa sakafuni palepale. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Macho yaleyale ya kijivu, kidevu kilekile chenye kishimo. Mmoja ana miaka kumi na tisa, mwingine sabini na tisa.

"Lakini wewe ni wa kule," akamwambia Lorcan. "Siku zote nilijua wewe ni mmoja wao."

"Nilichukuliwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Hakuchukuliwa, alijitoa," Mona akasema. "Waseme kweli wanaume. Mimi nilikuwa naimba. Watu Wema walinisikia, wakanitaka. Mama alijua watakuja, akawa analia jikoni. Huyu akavaa shimizi langu, akalala kitandani kwangu, akanisukumia mimi uvunguni. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu."

Lorcan hakuinua uso. "Wameniruhusu nitoke mpaka Mei Mosi, niagane na dada yangu. Nikipitiliza watakuja wenyewe kunichukua. Sikutaka kukutafuta, Nessa. Ningekuumiza bure. Kumbe ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Mona alitazama bahari.

Kesho yake mapema simu ya Nessa ikalia. "Uko peke yako?" Ilikuwa sauti ya Mona.

"Niko peke yangu, bibi."

"Jana alikudanganya. Njia ipo. Akiingia mtu wa damu yake, yeye hubaki. Na waliyemtaka toka mwanzo ni mimi."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Daktari ameshaniambia Krismasi sitaiona. Yeye hajawahi hata kunywa bia na vijana wenzake. Siku ya Mei Mosi nitakushika mkono kupanda kilima. Nikikuachia, mshike yeye. Usimwachie. Ni hilo tu."

"Atanichukia."

"Atakuchukia akiwa huku, hai. Mimi hilo linanitosha."

Mara mbili Nessa alifungua mdomo amwambie Lorcan, mara mbili akaufunga.

Mei Mosi ilikuwa na jua kali. Walifika kilimani saa sita mchana, mlangoni pa Watu Wema, penye miti miwili ya miiba iliyochanua maua meupe. Mona alikuwa na koti jekundu juu ya gauni la bluu, na fimbo yake. Lorcan akambusu Nessa, akamkumbatia dada yake kwa muda mrefu.

"Kwaheri, Mona."

"Kwaheri, mdogo wangu," Mona akasema. Akauachia mkono wa Nessa, akampita Lorcan, akaingia kati ya ile miti huku akiimba.

Lorcan alichelewa kuelewa. Alipochomoka, Nessa alikuwa ameshamkamata kiunoni kwa mikono yote miwili. Lorcan akamburuta kwenye nyasi, gauni likachanika, Nessa hakumwachia.

"Niache. Mona, rudi. Mona."

Fimbo ikaanguka. Mgongo wa Mona ukanyooka. Nywele nyeupe zikaiva kuanzia mizizini, zikawa nyekundu kama koti lake. Akageuka, na uso uliowatazama ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na tisa, uso wa Lorcan mwenyewe, unacheka. Kisha hapakuwa na mtu wala fimbo. Kondoo mmoja akapita kati ya miti ile, akatokea upande wa pili kama kawaida.

Lorcan hakulia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Aliniomba."

"Ukaninyamazia."

Akaibandua mikono ya Nessa, kidole baada ya kidole, akashuka barabarani peke yake.

Polisi waliwahoji. Walisema bibi alipita kati ya miti wakampoteza, na hawakusema uongo. Kilima kikatafutwa wiki nzima, haikupatikana hata fimbo. Lorcan akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya samaki. Akimwona Nessa mtaani, alivuka upande wa pili. Nessa hakumlaumu. Alirudi nyumbani, akaufunga mlango, akalia.

Mwezi wa Julai, akipiga pasi sare zake, simu ikaita.

"Nessa. Nakufa."

Pasi nusura imwangukie mguuni. "Uko wapi?"

"Chumbani. Kichwa kinapasuka. Koo kama nimemeza miiba. Pua inatoka maji, haikomi. Nadhani ile miaka yote imenirudia."

Nessa alikimbia mji mzima na viatu vya ndani. Alimkuta chini ya blanketi tatu, pua nyekundu, macho yamevimba. Akamshika paji la uso, akamsikiliza kifua, akakaa chini.

"Lorcan, haya ni mafua."

"Yanaua?"

"Hayaui. Kila mtu anayapata."

"Uongo. Hakuna anayeweza kuugua hivi halafu kesho akaenda kazini."

Nessa akacheka, kisha kicheko kikageuka machozi. Kule kilimani hakuna aliyewahi hata kukohoa. Akachemsha maji, akakamua limau, akatia asali.

"Nilikuwa nataka kumpigia Mona," Lorcan akasema. "Nikaishika simu, ndipo nikakumbuka." Akapenga pua. "Bado nina hasira na wewe."

"Kasirika. Kunywa hii kwanza."

Akanywa, akakunja uso. "Yanarudi, haya?"

"Kila mwaka, baridi ikianza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke. Ukizeeka yanazidi."

Lorcan akamtazama juu ya kikombe. "Na wewe utakuwa unakuja? Kila mwaka, mpaka tuzeeke?"

"Unanichumbia na pua hiyo?"

"Sina nyingine."

Nessa akavua viatu, akapanda kitandani upande wa ukutani, akalaza kichwa begani kwake, akijua fika kwamba kesho ataamka anapiga chafya.