Nafasi ya Mama Marthe

Nyanya za Mama Marthe zilioza shambani, na aliyeziozesha ni Mariette, msichana wa miaka kumi na tatu. Hakuiba. Hakumtukana mtu. Alizima jaribio moja tu kwenye kompyuta, kisha akaenda nyumbani kula.

Kila siku baada ya masomo Mariette aliteka maji, akavua sare, akakimbilia kituo cha vijana hapo kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Huko vijana walikuwa wametengeneza programu ya lori. Sowedi, mfanyabiashara wa mji wa Mbarara, alileta lori lake kila Jumanne kubeba nyanya za wakulima. Nafasi haikutosha wote, kwa hiyo programu iliigawa na kuitumia familia yenye zamu ujumbe wa simu: familia fulani, Jumanne leteni makreti kadhaa. Asiyepata ujumbe hakuvuna, maana nyanya iliyovunwa bila lori ni ya kutupwa.

Programu hiyo ililindwa na programu nyingine, ambayo vijana waliiita Mnyapara. Mtu alipobadilisha chochote na kukituma, Mnyapara alikichukua, akakiunganisha na kazi ya wenzake, akakipima kwa jaribio moja baada ya jingine. Yote yakipita, aliwasha kijani na kuipeleka kazi mpya kwenye kompyuta kubwa ya Mbarara, ikaanza kutumika bila mkono wa mtu. Jaribio moja likishindwa, aliwasha nyekundu na kusimamisha kila kitu. Aliyewafundisha kumtumia ni Madamu Swabulah wa Mbarara, ambaye alikuja kila Jumatano.

Shida ilianzia kwa baba yake Mariette, Gervais.

"Simu inalia, inalia!" alilalamika. "Meseji tano za lori, zote namna moja. Batiri inakufa mbele ya jua kuzama. Na nyie mu ile kompyuta yenu, hamuwezi kutengeneza?"

Mariette aliona hiyo ni kazi rahisi. Ijumaa akaandika amri mpya: kila namba ya simu ipate ujumbe mmoja tu. Akatuma. Mnyapara akawasha nyekundu na kuandika: "Familia arobaini na moja hazijapata ujumbe."

Prince, aliyekaa kompyuta ya jirani, akapiga makofi. "Nyekundu! Jameni, Mariette amevuna nyanya tena!"

Kituo kizima kikacheka.

"Nyamaza wewe," Mariette akasema. "Hilo jaribio ni la zamani. Halijui nimebadilisha nini."

"Basi ngoja Madamu Jumatano."

"Lori linakuja Jumanne. Nitangoja nini?"

Alifungua faili la majaribio, akaweka alama mbele ya lile lililomkataa ili Mnyapara aliruke. Akatuma tena. Kijani. Mariette akaenda nyumbani akiwa na furaha.

Jumatatu simu ya Gervais ililia mara moja tu. "Aa, leo iko sawa," alisema. "Asante, mutoto wangu." Jirani zake alidhani wiki hiyo hawana zamu. Jumanne alipeleka makreti yake manne barabarani. Mpakizi aliona wengi hawakuja, akamwambia alete mengine. Gervais akarudi mbio, akavuna, akapakia saba.

Mama Marthe, mjane wa jirani, alikuwa akipalilia maharage aliposikia lori likiondoka kuelekea Rwekubo. Alisimama na jembe mkononi mpaka vumbi likatulia.

Asubuhi ya Jumatano jirani wanne waliingia uani kwa Gervais. Hawa hawakuwa na simu. Mtu asiye na simu huandikisha namba ya jirani anayemwamini, na ujumbe ukifika, mwenye simu husimama kwenye uzio na kumwita. Gervais aliifanya kazi hiyo miaka mingi bila malipo.

"Gervais, meseji zetu ziko fasi gani?" aliuliza mmoja.

"Iliingia moja tu. Ni yangu."

"Moja? Na wewe ukapakia saba? Ulikula nafasi yetu!"

"Naapa mbele ya Mungu. Shika simu, angalia mwenyewe."

"Meseji zinafutwa. Unatuona batoto?"

Mama Marthe hakupaza sauti. "Nilitoa namba yako juu nilikuhesabu ndugu," alisema. "Sasa nyanya zangu zinapasuka. Mu soko ya Rwekubo zimejaa mingi, hakuna anayeziangalia."

Mariette alikuwa jikoni akikoroga uji. Mwiko ulimsimama mkononi. Zile meseji tano hazikuwa moja. Zilikuwa za familia tano, na yeye mwenyewe alishatumwa mara nyingi kwenye uzio kumwita Mama Marthe. Angeweza kunyamaza, hapo uani hakuna aliyejua Mnyapara ni nini. Lakini alimwona baba yake ameinyoosha simu, na hakuna aliyeipokea.

Akatoka. "Papa hakula nafasi ya mtu. Ni mimi. Nilizima kitu kituoni."

Gervais akaishusha simu. Jirani mmoja akatema chini. "Baba na binti, wamepanga," alisema, akaondoka.

Mchana Mariette alimsubiri Madamu Swabulah mlangoni mwa kituo na kumweleza yote kabla hajakaa.

"Wewe Mariette, Mnyapara alikuambia nini?"

"Kwamba familia arobaini na moja hazijapata ujumbe."

"Ulisoma?"

"Nilisoma, Madamu."

"Halafu?"

"Nikamziba mdomo."

Swabulah alimpigia Sowedi simu kuomba lori lirudi. Sauti ya mwenye lori ilisikika wazi: "Nyabo, mama yangu, gari iko Endiinzi, imebeba mali ya watu. Mpaka Jumanne. Nifanye nini?"

Basi wakakaa kutengeneza. Mariette alilirudisha jaribio. Nyekundu. Akaandika upya amri yake: kila simu ipate ujumbe mmoja, lakini ndani yake yawemo majina ya familia zote za namba hiyo. Mnyapara akapima moja baada ya jingine, akawasha kijani. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Sikiliza," Swabulah alisema, na Prince naye akageuka kusikiliza. "Nyekundu si matusi. Mashine hii inafanya kazi haraka kuliko sisi, na kosa inalipeleka haraka vilevile. Jaribio likikukatalia, uliza linamlinda nani. Nyuma yake kuna mtu. Ukilizima, yeye ndiye unayemzima. Na kama hujaelewa, ngoja, uulize."

Jumatatu iliyofuata ujumbe ulifika, lakini nyanya za Mama Marthe, za kujaza makreti sita, zilikuwa zimeshakuwa maji na nzi shambani. Msimu ule hakupata pesa ya kununua mbegu. Familia arobaini na moja zilikosa lori; baadhi ziliokoa nusu ya mavuno, nyingine hazikuokoa kitu. Mariette alipoteza Jumamosi zote za msimu, akilima shamba la Mama Marthe bila kulalamika. Jirani watatu walihamishia namba zao kwenye simu ya mtu mwingine, na hawajarudi.

Siku hizi simu ya Gervais hulia mara moja tu. Ndani ya ujumbe mna majina mawili: lake na la Mama Marthe.