Chumba cha Subira

Saa saba kasorobo mchana, mnara wa Kilima Kiwindi ulikuwa na habari ya msiba kwa fundi mmoja aliyekuwa juu ya paa la ghorofa ya kumi. Haukumkurupusha. Ulimngoja ashuke, anawe mikono, aketi kwenye benchi la mama ntilie. Kipimamoyo alichovaa mkononi kiliposema ametulia, ndipo kipuli cha kusikilizia kilichokuwa sikioni mwake kikazungumza kwa sauti ya shangazi yake: "Baba, umekula? Haya, nisikilize taratibu." Fundi alilia, ndiyo, lakini alilia akiwa ameketi na watu wamemzunguka.

Mhandisi Nakiete Mbonea aliyafuatilia hayo kwenye kioo chake kule mnarani, akaridhika. Yeye ndiye aliyeiunda mashine ile, Mpashaji, iliyoiga sauti ya jamaa wa msikilizaji na kuchukua nafasi ya matangazo ya vifo ya redioni. Zamani jina la marehemu lilisomwa hewani, na mwenye kusikia akasikia popote alipokuwa, jikoni au katikati ya barabara. Mama mmoja wa pale mjini alisikia kifo cha mumewe akiwa ameshika sufuria la uji wa moto. Nakiete aliiona miguu ya yule mama ilivyobabuka, na ndipo alipoandika Sharti la Utulivu: mtu asipewe habari ya kifo mpaka mapigo ya moyo wake yashuke chini ya sabini na tano akiwa macho. Hata simu za misiba zikapitishwa mnarani. Habari zilizongoja ziliwekwa kwenye hifadhi aliyoiita Chumba cha Subira. Nia ilikuwa njema, hakuna wa kumnyima hilo.

Sasa alikuwa mbioni kuwasha mnara wa pili. Siku kumi na moja alikuwa akilala kwa kuiba, chai inampolea mezani. Alikuwa amemwandikia mama yake kule Mbaghe kumuuliza tangawizi imekaaje mwaka huu, na hakujibiwa. Akajiambia ni msimu wa kuchimba, mama yuko shambani, atajibu akipata nafasi.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Aliyeingia ni mzee mwembamba, viatu vimejaa tope la njia ya kilimani. Alijitaja kuwa Kirita, seremala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye dude hili?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Sikai! Nikikaa litadhani nimetulia." Mzee alihema. "Dada yangu Nanzia kazikwa Jumanne. Mimi nimeambiwa Ijumaa. Kwetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na kaka mtu, hautangulii mkono mwingine. Wameningoja mpaka jua likawashinda. Leo nikipita, wapwa zangu wananigeuzia kisogo."

"Pole sana, mzee. Pengine siku zile ulikuwa na wasiwasi..."

"Mwanangu, mimi nina ugonjwa wa moyo tangu ujana. Haujawahi kutulia huu! Ijumaa nilimeza dawa ikanilegeza, ndipo likanipasha. Nisingeimeza je? Lingengoja mpaka na mimi nife?"

Nakiete akakigeukia kioo chake. Akakifungua Chumba cha Subira, ambacho, aibu iliyoje, hakuwa amekifungua hata mara moja tangu mashine ianze kazi. Kila siku alisoma taarifa za waliokwisha kupashwa, na hao bila shaka wote walikuwa wametulia.

Habari arobaini na tatu zilikuwa zikingoja. Ya mama wa pacha wachanga ilikuwa imengoja siku tisa. Ya dereva wa gari la wagonjwa, siku ishirini. Nakiete akateremka na orodha mpaka ya kumi na tisa.

*Msikilizaji: Nakiete Mbonea. Habari imengoja: siku kumi na moja. Sauti iliyoteuliwa: Naeli Mbonea, mama wa msikilizaji. Marehemu: Naeli Mbonea.*

Aliisoma mara mbili, kisha ya tatu.

"Mpashaji," alisema, "nipe habari hii."

"Mapigo yako ni mia na thelathini," mashine ikajibu kwa ule upole aliouunda yeye mwenyewe. "Tungoje kidogo."

"Nimesema nipe! Ni mama yangu!"

"Tungoje kidogo."

Mzee Kirita akainama kwenye kioo, akasoma. Hasira zote zikamtoka. Akavua kofia.

Nyuma ya mitambo kulikuwa na kibanda cha mtangazaji wa zamani, kipaza sauti chake bado kimefunikwa kitambaa. Nakiete alichapa habari zote arobaini na tatu kwenye karatasi, akaingia, akawasha swichi ya kupeleka sauti kwa wote. Alijua yuko atakayesikia akiwa na sufuria mkononi. Alijua, na akasoma hivyo hivyo, jina kwa jina, mpaka akaifikia ya kumi na tisa.

"Elihuruma Mbonea wa Mbaghe anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, Bi Naeli, kilichotokea leo alfajiri. Mazishi ni kesho saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, na dada yake Nakiete aliyeko Kiwindi. Dada, tutakungoja mpaka saa kumi na mbili. Mama alikuwa akikuulizia..."

Sauti ikamkatika. Jamani, walingoja saa nne na maiti uani, naye alikuwa huku akikaza nyaya!

Mzee Kirita akaichukua karatasi mkononi mwake na kuendelea kusoma, akifuata mistari kwa kidole. Nakiete aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akalia kilio cha kwikwi mpaka machozi yakakauka na mwili ukalegea kwa uchovu. Pumzi ikapungua. Kipimamoyo mkononi kikahesabu: tisini. Themanini. Sabini na nne.

Kipuli kikaamka sikioni mwake.

"Nakiete, mwanangu," ilisema sauti ya mama yake, "umekula? Haya, nisikilize taratibu."

Mkono wake ulikuwa umekwisha kukishika kipuli, akitoe. Akauteremsha.