Suti ya Kijivu Ukutani

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua mlango, akawasha sigara, akakaa mbele ya mashine yake. Chumba hicho ndicho kilichokuwa duka lake, ndicho kilichokuwa nyumba yake. Mke hakuwa naye. Alipendwa zamani, akakataa kuoa. Alisema hataki kuacha mjane.

Ukutani ilining'inia suti ya kijivu. Wateja wakiuliza bei, aliwaambia ina mwenyewe.

Baba yake alianguka ghafla akiwa na miaka hamsini, moyo ukasimama. Kaka yake hakufika hata umri huo. Suti walizozikwa nazo alizishona yeye. Aliona sasa zamu yake imekaribia, na hana wa kumshonea, basi akajishonea mwenyewe. Ufundi ulikuwa mzuri, wazo lilikuwa baya. Tangu msiba wa kaka aliacha hata kwenda kwa dada yake, ndugu pekee aliyebaki. Aliogopa dada angemzoea, kisha yeye afe amwache. Upweke ulimuuma, naye akaumeza.

Siku moja jirani yake, muuguzi, alileta sare apunguziwe kiuno. Alimkuta fundi ameshika kifua, anahema, kwa sababu ya kupandisha jora moja tu la kitambaa kwenye ngazi za jengo. Akamkalisha. Ndipo macho yake yakaiona suti.

"Hii ya nani, kaka?"

"Yangu. Ya kuzikwa nayo. Kwetu wanaume hatuzeeki, dada. Ndiyo damu yetu."

Muuguzi aliuliza ni daktari gani aliyemwambia hivyo. Hakukuwa na daktari. Fundi hakuwahi kupimwa.

"Sikiliza," alisema muuguzi. "Kila mtu hurithi vinasaba kwa baba na mama. Ndivyo vinavyokufanya ufanane nao. Vinatofautiana kidogo kidogo kati ya mtu na mtu. Baadhi ya tofauti hizo huongeza mafuta mabaya kwenye damu. Mafuta yanajijenga ndani ya mishipa inayolisha moyo, na mishipa inaziba polepole. Kwa hiyo ni kweli, hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine. Lakini hatari si hukumu."

"Nilichozaliwa nacho nitakitoa vipi?"

"Hukitoi. Lakini mafuta yanapimwa na yanapunguzwa. Presha vilevile. Na hiyo sigara, nayo umeirithi?"

Fundi aliitazama sigara yake, akaizima.

Muuguzi alimwambia maumivu ya kifua hayangoji kesho, akampeleka hospitali saa ileile. Mishipa ya moyo ilikuwa imeanza kuwa myembamba, lakini haijaziba. Alipewa dawa za kumeza kila siku. Aliambiwa aache sigara, apunguze mafuta na chumvi, na atembee.

Wakirudi, muuguzi aliuliza, "Na dada yako? Damu hiyo si ya wanaume peke yao."

Jambo hilo fundi hakuwahi kulifikiria, na lilimtisha kuliko kifo chake.

Kesho yake alikwenda kwa dada yake. Dada alifungua mlango.

"Nilizika wawili," alisema, "nikapoteza watatu."

Fundi alilia, akaeleza yote. Dada alikubali kupimwa. Alikutwa na mafuta mengi kwenye damu, ingawa hakuwahi kuumwa kifua. Akaanza dawa mapema.

Miezi ikapita. Fundi aliacha sigara, akapungua mwili, na ngazi akazipanda bila kushika kifua. Suti ikampwaya, akaipunguza. Jumapili moja akaivaa kwa mara ya kwanza.

"Suti nzuri," alisema dada akimkaribisha. "Uliishonea shughuli gani?"

"Ya kuja kwako," alijibu, akaingia ndani.