Sindano Aliyoitamani Halfani

Itangazwe kwa wakazi wote wa Newala, wakubwa kwa wadogo, kwamba goti la kushoto la Tahiri ni tukufu kuliko magoti yote. Ndivyo Halfani alivyotangaza kila asubuhi, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, huku akifagia uwanja. Waliomsikiliza ni kuku tu, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuchinjwa kwa ajili ya supu ya goti hilo. Firigisi yake, ambayo kwa desturi ni ya Baba, ilitoweka jikoni, na paka akapigwa kwa kosa hilo.

Tahiri, kaka yake Halfani, alikuwa mshambuliaji wa timu ya mji. Aliumia kano iliyo chini ya goti, na kuchuliwa hakukusaidia. Basi alipelekwa Masasi, kwenye kliniki ya binafsi ya Daktari Agnes. Huko alitolewa damu mkononi, ikazungushwa kwenye mashine hadi ikajitenga. Kisha maji yake ya manjano, yenye chembe zinazousaidia mwili kujitibu, yakadungwa kwenye goti lake.

Aliporudi alipewa kiti cha Baba, redio na supu. Korosho zote za shambani kwao akaziokota Halfani. Hilo lilimchoma, lakini jina lilimchoma zaidi. Kila jirani aliyekuja kutoa pole alisema, "Pole, Mama Tahiri." Halfani alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa amepata kumsikia mtu akimwita mama yake Mama Halfani.

Rafiki yake Bwanali akauchochea moto huo. Alisema kwa yakini kwamba sindano ile hutia mguu nguvu mpya.

"Kaka yako akirudi uwanjani atapaa," alisema. "Wewe endelea na korosho zako."

Jumamosi shule yao ingecheza na shule ya Tandahimba, na Halfani ndiye golikipa. Akajiona akipaa kutoka mlingoti hadi mlingoti, watu wakiulizana mama yake ni nani. Kilichobaki ni kuumia tu.

Jumatano, huko shambani, alipasua korosho mbichi, akajipaka gotini mafuta ya ganda lake. Watoto wa huko hukatazwa kuyagusa kwa kuwa huunguza ngozi. Halfani aliona katazo hilo ni la watu wasio na mipango. Kesho yake goti lilikuwa limevimba kama andazi, na hakuhitaji kuigiza kilio.

Siku hiyo Tahiri alikuwa anarudi kliniki kuangaliwa, hivyo Mama akapanda nao wote wawili basi la Masasi.

Halfani alimwamkia daktari shikamoo, akaeleza alivyoanguka akiokoa bao, akaomba sindano ya kaka yake kabla ya Jumamosi. Daktari Agnes aliitikia marahaba, akainama, akayatazama malengelenge na madoa meusi.

"Uliangukia mpira," aliuliza taratibu, "au korosho?"

Halfani akatazama dari.

"Mimi mzaliwa wa Lukuledi, kwenye mikorosho, mwanangu. Alama hii naijua tangu sijajua kusoma." Akamgeukia mama. "Mama Halfani, mtoto amejiunguza mwenyewe."

Jina lile hatimaye likatamkwa, wazi, mbele ya watu. Na mama yake akainamisha kichwa kwa aibu.

"Nilijipaka," Halfani akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka nipae kama Tahiri."

"Nani kakwambia napaa?" Tahiri akauliza. "Sijaruhusiwa hata kukimbia."

Daktari alieleza kwamba sindano ile haimwongezei mtu mbio. Husaidia baadhi ya kano zilizoumia, wengine haiwafai, na kazi kubwa ni mazoezi ya polepole kwa wiki nyingi. Akamsafisha Halfani kidonda, akamfunga bandeji, akamkataza kucheza.

Jumamosi Halfani alikaa kwenye kiti cha Baba, kilichobebwa hadi pembeni mwa uwanja wa mpira, akinywa supu. Golini alisimama Cyril, golikipa wa akiba, akidaka kila mpira, jambo lililomuuma kuliko goti. Halfani alimweleza mama yake, aliyeketi kando yake, habari za lile jina.

"Kaka yako nampikia supu kwa sababu anaumwa, si kwa sababu nampenda zaidi," Mama alisema. "Ukiwa na donge moyoni, njoo uniambie. Usidanganye, na usiuchezee mwili wako; huo ndio ulio nao."

Jirani akapita, akamsalimia Mama Tahiri.

"Leo niite Mama Halfani," Mama akajibu. "Huyu naye ni wangu, na ujinga wake wote."

Halfani akainamia bakuli. Kisha akaliweka chini.

"Mama," akasema, "aliyeila ile firigisi si paka."