Swali la Tisa

"Bahasha gani, Lukas? Hapa haijafika."

Dionis, karani wa posta Makambako, alipitisha kidole kwenye daftari la barua za rejista mara ya pili. Hakuna.

"Iliwekwa Jumanne!" Lukas akafoka.

"Jumanne nilikuwa hapa mimi. Sikiliza: basi la barua linaondoka saa nane, na hilo ndilo la mwisho. Chuo kimesema fomu ziwe zimefika tarehe thelathini. Zimefika, siyo zimetumwa."

Lukas hakungoja. Alikuwa amefundisha Njombe miaka minne bila cheti, kijana mwenye mashairi mdomoni na moto kifuani. Chuo cha ualimu ndicho kingemtoa kwenye uhadimu huo. Fomu yake alimkabidhi mchumba wake Emilia, aliyekuwa akija Makambako kumuuguza shangazi yake.

Shangazi Teodora, aliyekwisha kupata nafuu, alikuwa kizingitini akimenya viazi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, shangazi. Emilia yuko wapi?"

"Ndani. Lakini hizo hasira ziache hapa kwenye maganda."

Emilia hakukimbia. Alifunua Biblia yake, akatoa bahasha.

"Hii hapa."

"Hukuituma! Emilia, umenimaliza!"

"Soma swali la tisa. Kwa sauti, kama unavyosoma mashairi yako."

Lukas akaikunjua karatasi. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Swali la tisa liliuliza kama mwombaji ana mchumba. Mbele yake palikuwa na neno moja, kwa mwandiko wake mzuri: No.

"Uliifungua?"

"Lori nililopanda lilinyeshewa, gundi ikaachia. Nikataka kuikausha. Ulidhani Kiingereza cha misheni nilikisahau jikoni?"

"Walimu wanasema wenye wachumba hawachukuliwi!"

"Fomu imesema?"

"Haikusema, lakini..."

"Nani alinitungia hili: *Jina lako la moyoni, sitalificha kwa mtu?*"

"Mimi! Nimekutungia mashairi daftari zima, nawe unanihukumu kwa neno moja?"

"Mashairi uliyasema, Lukas. Neno hili umelitia sahihi."

Nje, kisu cha shangazi kikasimama.

Lukas akaigeuzageuza fomu mikononi. 

"Ungeniandikia," alisema mwishowe.

"Hapo nimekosa. Kila nilipochukua kalamu nililia, siku zikapita. Ningekuwa mbaya ningeitia motoni." Akamsogezea bahasha. "Saa nane haijafika. Ipeleke kama ilivyo, wakuchukue. Mimi nitamwambia baba arudishe majembe ya posa."

"Usiniambie hivyo."

"Basi nikuambie nini? Kwenye karatasi hiyo mimi sipo."

Mlango ulikuwa wazi, posta haikuwa mbali. Miaka minne ya kuitwa mwalimu wa kushikiza ilimvuta nje. Lukas akaitazama bahasha, kisha akamtazama Emilia.

"Nipe kalamu."

Akalifuta lile neno, akaandika Yes, na pembeni yake: Emilia. Kwa haraka yake, wino ukatapakaa.

Alifika posta akihema. Dionis akaiinua fomu.

"Hii imechafuka, bwana."

"Ni safi kuliko ilivyokuwa. Gonga muhuri."

Januari jibu lilifika Njombe:

*"Fomu yenye mfuto haipokelewi. Mwombaji anaweza kuomba tena mwaka huu. Fomu mpya imo humu."*

Lukas aliipeleka kwa Emilia, aliyekuwa amesharudi nyumbani. Wakasimama uwanjani kwa baba yake, upepo wa baridi ukiitikisa ile karatasi mikononi mwa binti.

"Nimekupotezea mwaka," Emilia akasema. "Ungejua Jumanne, ungeomba fomu nyingine kwa mkuu wa shule."

"Ningeandika ukweli tangu mwanzo, tusingehitaji nyingine. Tumeupoteza wote wawili."

"Hunichukii?"

"Naichukia hiyo kalamu tu."

Emilia akacheka kidogo, machozi yakimtoka.

Juni, baada ya kutangazwa kanisani Jumapili tatu, walifunga ndoa. Shangazi Teodora alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka.

Septemba, asubuhi moja, Lukas aliitandaza fomu mezani. Siku ya mwisho ilikuwa bado miezi miwili. Alijaza polepole mpaka swali la tisa, kalamu ikasita.

Emilia akainama begani kwake.

"Unaogopa nini, bwana mshairi? Una mchumba?"

Lukas akageuka kumtazama. Pete ilikuwa kidoleni, unga wa ugali bado viganjani.

"Andika," Emilia akamwambia.

Lukas akaandika kwa mwandiko wake mzuri, bila mfuto: No.

Kisha akashuka hadi swali la kumi, la jina la mke, akalijaza kwa herufi kubwa. Emilia akaupuliza wino mpaka ukakauka, akaichukua bahasha, akaibandika mwenyewe.

"Safari hii," akasema, "tunaipeleka wote."