Radhi ya Bibi Pak

Jumanne ile ilianza kama siku yoyote ya mtaa wa Sanyuanli baada ya mvua: jua kali, ngazi zinanuka unyevu, na Murshid anajisifu.

Murshid alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Unguja, kaka yake mama yake Faudhia, tumbo moja. Faudhia alikuwa akisoma shahada ya pili ya historia hapo Guangzhou, Uchina, na siku asizokuwa na darasa alimtumikia mjomba wake kama mkalimani. Ijumaa Murshid angepanda ndege kwenda kufanya umra. Bado hajaondoka, lakini kila aliyempigia simu wiki hiyo alitakiwa amwite Alhaji.

"Umra si hija, yakhe," alimwambia Nassor, mfanyabiashara mwenzake ambaye angesafiri naye.

"Njia si ndiyo hiyo hiyo? Nitangulizieni heshima, hija itafuata."

Ndivyo alivyokuwa. Hata heshima alitaka aletewe kwa ndege, kama mzigo wa haraka.

Kwa kuwa anayeelekea Makka huaga na kuomba radhi, Murshid aliomba. Aliwazungukia matajiri wa Zhanqian Road, barabara ya maduka ya jumla, mmoja mmoja, akawapa mkono, akainamisha kichwa, huku Faudhia akishika simu na kumrekodi. Wapagazi wake, aliowatukana mwaka mzima, hakuwaomba. Wapagazi, alisema, hawajui kusamehe, wanajua kubeba.

Asubuhi hiyo walikuwa juu ya paa la jengo, mahali Murshid alipofungia marobota na kuyapiga marki yake kwa brashi na wino mweusi: jina lake, na chini yake Zanzibar. Paa lilikuwa la wapangaji wote. Kwenye kamba, katikati ya njia ya wapagazi, Bibi Pak alikuwa ameanika nguo.

Bibi Pak alikuwa Mkorea, amepita miaka tisini, akiishi na bintiye ghorofa ya chini. Faudhia alimwita Nainai, bibi kwa Kichina, na kwa Kichina ndivyo walivyoelewana. Nguo yenyewe ilikuwa sketi pana na koti fupi la kitani, nyeupe kama chokaa. Faudhia aliijua habari yake, kwa sababu alikuwa ameiuliza mara nyingi na kuihakikisha kila kipande.

Wajapani walipoitawala Korea, watu wa kule walivaa nyeupe, vijana kwa wazee. Watawala hawakuipenda. Walisema ni uchafu, ni uvivu, ni ushenzi. Siku za gulio waliweka watu langoni na ndoo za wino, na kila aliyeingia na nguo nyeupe alimwagiwa. Mama yake Bibi Pak alimwagiwa kuanzia shingoni, mbele ya mwanawe, na polisi akacheka. Baridi ya mwaka huo akafa. Kitambaa kingine hakikupatikana. Akazikwa na wino wake.

"Mimi nitakwenda nyeupe," Bibi Pak alikuwa amemwambia Faudhia, akiigusa ile nguo kwa ncha za vidole. "Hii ndiyo sanda yangu. Kila mwaka naionyesha jua, isije ikaota ukungu."

Sasa Murshid alisimama mbele ya sanda hiyo na brashi mkononi.

"Mwambie aondoe matambara yake. Watu wanafanya kazi."

Faudhia alitafsiri kwa adabu ambayo haikuwemo. Bibi Pak alisema inakauka, asubiri kidogo.

"Asubiriwe yeye? Basi na hii naipiga marki, iende Unguja!"

Akapiga brashi. Mstari mweusi ulishuka toka begani mwa lile koti hadi pindoni mwa sketi. Murshid akacheka, akageuka kuwaona wapagazi kama nao wanacheka. Hawakucheka.

Bibi Pak aliutazama mstari. Kisha akamtazama Murshid usoni, taratibu, kama mtu anayemkumbuka mtu.

"Mjomba, muombe radhi," Faudhia alinong'ona. "Ile ni sanda yake. Unakwenda Makka."

"Nikamuombe radhi kafiri kwa shati? Wewe msomi, kusoma kumekuharibu."

Faudhia hakulala vizuri. Alijua, kama alivyofundishwa tangu chuo cha Kurani, kwamba haki ya kiumbe haifutwi na Mungu mpaka mwenyewe asamehe. Jumatano akamsihi tena. Murshid akasema ana shughuli. Alhamisi asubuhi akamsihi kwa simu, na kwa kuchoshwa tu akajibu kwamba ataona.

Adhuhuri ya Alhamisi Murshid aliingia ofisini anang'aa.

"Haya, roho yako itulie. Kibibi chako nimemuomba radhi."

Faudhia aliacha kuandika. "Wapi?"

"Hapo ngazini, sasa hivi. Anapanda polepole, peke yake. Nikasema pole, pole, nikampa mkono. Akaupokea. Mkono wa baridi, kama samaki wa kwenye barafu! Hakutaka kuuachia."

"Mjomba."

"Nini?"

"Alikuwa amevaa nini?"

Murshid alifikiri. "Nyeusi. Nyeusi tupu."

Faudhia alikuwa ametoka kwenye mazishi. Bibi Pak alikufa Jumanne ile ile, kabla ya jua kuzama, na Faudhia alipata habari asubuhi hiyo tu, baada ya kumsihi mjomba kwa simu. Bintiye aliifua nguo kwa kila sabuni, na kila alipofua wino ulitambaa zaidi, hadi isionekane nyeupe hata kidogo. Wakamvisha hivyo hivyo. Asubuhi hiyo, mbele ya macho ya Faudhia, wakamchoma nayo.

Alimwambia. Murshid alianza kucheka, kisha akakifungua kiganja.

Kilikuwa cheusi.

Aliosha. Alisugua kwa petroli, kwa jiki, kwa kisu. Akalishika vazi lake la ihramu, zile shuka mbili nyeupe. Alama ya mkono ikabaki. Nassor akamnunulia nyingine. Ikawa vile vile. Mwishowe Alhaji wetu akavaa glavu za waridi za kuoshea vyombo, na ihramu ya tatu akaibeba Nassor, ndani ya mfuko wake wa dukani, haijafunguliwa.

Ijumaa alasiri walifika uwanja wa ndege wa Baiyun kwa metro, watatu. Wasafiri wa umra walikuwa wakibadilisha nguo chooni kabla ya kupanda ndege.

"Nikuvishe," Nassor alisema. "Usiiguse."

"Nitavaa mwenyewe. Mimi si maiti."

Akauchukua mfuko. Akaingia peke yake.

Faudhia na Nassor walisimama mlangoni. Wanaume waliingia, wakatoka. Safari yao ikatangazwa. Murshid hakutoka.

"Hebu mtazame," Faudhia alinong'ona.

Nassor aliingia. Alikaa sana. Aliporudi uso ulikuwa umemshuka, na mikononi alibeba kitu cheupe.

Murshid yuko hai, alisema. Amekaa sakafuni na fulana yake, pembeni, magoti kifuani. Glavu kazivua. Kiganja ni safi. Analia kama mtoto, na anasema neno moja tu.

"Neno gani?"

"Mpelekeeni."

Ndege iliondoka bila yeye.

Faudhia aliipokea ile nguo. Ihramu ni shuka mbili tupu. Mshono hauruhusiwi hata mmoja. Hii, iliyotoka kwenye mfuko ule ule wa dukani, ilikuwa imekatwa na kushonwa. Sketi pana. Koti fupi. Kipimo cha mwanamke mdogo, mzee, aliyepinda mgongo, kipimo cha Bibi Pak.

Akaileta karibu na macho, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, lazima ahakikishe. Ulikuwa mshono wa mkono, mdogo mdogo, wa kazi ya majuma. Pindoni uzi ulikuwa umekatwa kwa meno. Akaigusa ncha yake.

Ilikuwa bado imelowa mate.