Kumi na Mmoja wa Kisiwa cha Nkonde

Redio ya Motorola ilikohoa mara mbili chini ya koti la mvua.

"Ishirini na Moja, unanipata?"

Sylvie hakupunguza mwendo. Pikipiki yake, Honda XL, iliruka shimo, ikatua kwenye tope, ikanyooka. Mita mia tatu mbele yake, taa moja ya nyuma ya Land Rover nyeupe ilionekana na kupotea ndani ya mvua ya Januari.

"Nakupata."

"Korongo anaelekea wapi?"

"Ziwani."

"Amri ni hii. Mkamate mzigo ukiwa mkononi. Akikimbia, piga."

"Nimesikia."

Akaizima.

Korongo lilikuwa jina la siri la mzee Octave, mpima ardhi mstaafu wa Likasi na rais wa chama kidogo cha kulinda Kisiwa cha Nkonde, katika ziwa la bwawa la Mwadingusha. Chama kizima kilikuwa watu watatu. Octave. Berthe, aliyepiga barua kwa taipu. Ruffin, mlinzi aliyeishi kisiwani peke yake. Walizuia watu kukata miti, kulima na kujenga. Walisema ni kwa ajili ya ndege.

Ofisi ya usalama iliyomtuma Sylvie haikuamini habari za ndege. Iliamini kwamba madini ya uranium, yaliyochimbwa kwa wizi katika mgodi wa Shinkolobwe, yalifichwa kisiwani na kuuzwa nje.

Kwa hiyo Sylvie alikuwa amekaa wiki tatu katika ofisi ya chama mjini Likasi, akimsaidia Berthe kupiga taipu, kwa jina la Carine.

Ni mkuu wake tu, Joachim, aliyejua kwamba alizaliwa Likasi. Baba yake, Théodore Mbuyamba, alitoka Kasai akiwa kijana na kufanya kazi ya fonderie, kuyeyusha madini, miaka ishirini na sita. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani, Sylvie alikuwa Kinshasa akijifunza kulenga shabaha. Baba yake alionekana stesheni akiwa na sanduku moja, akingoja treni.

Hakuonekana tena.

Karibu kila asubuhi kwa wiki tatu Sylvie alipita mbele ya nyumba yao. Watu wengine waliishi humo. Mlango ulikuwa uleule. Siku ya nne aliamua kubadili njia. Siku ya tano akarudi kuipita.

Land Rover ilisimama ufukweni. Octave alishuka na koleo na mfuko wa turubai, akaingia katika mashua yenye injini ya Yamaha. Sylvie aliificha pikipiki kwenye matete, akachukua mtumbwi wa mvuvi, akapiga kasia nyuma yake mvua ikimfunika.

Kisiwani alifuata nyayo. Kipima mionzi, kidogo kama pakiti ya sigara, kilianza kukwaruza mfukoni. Kadiri alivyosogea, kilikwaruza kwa kasi.

Aliwaona chini ya miti. Octave na Ruffin, wamepiga magoti kando ya shimo pana. Ndani yake kulikuwa na mapipa manne ya chuma.

Alichomoa bastola yake ya Browning.

"Mikono juu."

Ruffin alinyoosha mikono. Octave hakunyoosha. Alikuwa ameshika kitu kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba maji.

Ulikuwa mfupa wa taya.

"Mama Carine," alisema taratibu. "Acha kwanza niweke huyu muntu pahali pake. Kisha utanifunga."

Sylvie hakushusha bastola. Lakini kidole kilitoka kwenye kifyatulio.

"Huyo ni nani?"

"Hatujue tena. Batu ya Hartog bamebachanganya."

Sylvie alimjua Hartog. Mgeni mrefu, mtanashati, aliyekuja mwaka uliopita akisema anapenda ndege. Ndiye aliyewapa injini ya Yamaha.

"Eleza," alisema.

Octave aliuweka mfupa juu ya turubai.

"Mwaka 93, batu ya Kasai balingoja treni ku gare. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, hakuna treni. Bengine baliogopa kubakia kule, bakakimbilia huku ziwani. Ruffin alibavusha na pirogue yake. Batu makumi ine. Tulibaficha. Kisha kuhara ikaingia. Kumi na moja balikufa. Tulibazika hapa."

"Na chama?"

"Tungesema nini? Tukisema makaburi, bangekuja kufukua. Njo maana tukasema ndege. Hakuna muntu iko na maneno na ndege."

Ruffin aliongeza, macho chini, "Hartog alisema bintu yake ni mashine ya kuhesabu ndege. Nilikuwa nimeenda Kapolowe kununua chumvi. Kurudia, nakuta bamechimba hapa hapa, mifupa iko inje mu mvua. Njo nikamuita Papa Octave."

Mvua iligonga mapipa.

"Majina yao mnayajua?" Sylvie aliuliza.

"Yote," alisema Octave. "Papa Kalonji na bibi yake. Mama Ngalula. Bana babili ba Mulumba, mapacha. Papa Mbuyamba wa fonderie, huyu aliimba mpaka siku ya mwisho."

Sylvie alisimama vilevile. Maji yalitiririka kutoka kwenye ukosi, yakaingia mgongoni.

"Aliimba nini?"

"Nyimbo ya kanisa. Aliimba mubaya sana, mama. Lakini bagonjwa balimuomba aimbe tena."

Ni kweli. Baba aliimba vibaya. Pale nyumbani, kila Jumapili, alikuwa akiwafanya wacheke.

Aliirudisha Browning kiunoni.

"Hartog anarudi lini?"

"Leo," alisema Ruffin. "Saa kumi. Na ndege ya kutua juu ya mayi."

Saa ya Casio mkononi mwa Sylvie ilionyesha saa tisa na dakika ishirini.

Aliwasha redio.

"Mkuu, Korongo si mtu tunayemtafuta. Narudia, si yeye. Mapipa ni ya Hartog, anakuja kuyachukua saa kumi. Leta askari."

Joachim alijibu, "Niko Buluo. Kwa barabara hii ni mwendo wa saa mbili."

"Nitamchelewesha."

"Kwa silaha gani? Uko na risasi ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Sylvie."

"Njoo tu, Mkuu."

Aligeuka. Kutoka pale aliona ziwa, na katikati yake mistari miwili ya madumu mekundu yakielea.

"Yale ni ya nini?"

"Njia ya ndege," alisema Ruffin. "Ziwa hii, zamani ilikuwa pori. Balijenga bwawa, mayi ikafunika miti. Iko imesimama chini, mikavu, migumu kama chuma. Kati ya madumu njo kuko pasafi. Niliyaweka mimi mwenyewe."

Sylvie alimtazama.

Ruffin alimwelewa kabla hajasema neno.

Walikuwa na dakika thelathini na tano. Octave alishika usukani wa mashua, Ruffin akavuta kamba, Sylvie akainua mawe ya nanga mpaka viganja vikachubuka. Madumu kumi na mawili. Waliyasogeza mita themanini mashariki na kuyapanga upya, yamenyooka vizuri. Chini ya mashua, kupitia maji ya kahawia, Sylvie aliona ncha nyeusi za miti zikipita moja baada ya nyingine, kama watu waliosimama kungoja.

Walijificha kwenye matete.

Saa kumi na dakika nne. Mngurumo.

Cessna ilishuka chini ya mawingu, ikazunguka mara moja, ikalenga kati ya madumu. Maboya yake mawili ya miguuni yaligusa maji. Mita hamsini ilikwenda vizuri.

Kisha mti ukalipasua boya la kushoto.

Ndege iligeuka kama iliyonaswa mkono, bawa likachota maji, panga boi la mbele likavunjika kwa mlio mmoja. Ikasimama upande, ikiyumba. Rubani alirukia majini akaanza kuogelea kuelekea kisiwani, mikono ikionekana wazi. Hartog alipanda juu ya bawa. Mkononi alikuwa na bastola ya Walther.

Mashua ilipotoka kwenye matete, alifyatua. Risasi ilipasua ukingo wa mashua na kuchana bega la Octave. Mzee aliketi chini, akashika jeraha.

"Mademoiselle Carine," Hartog aliita kwa Kifaransa, akihema. "Tuzungumze. Kisiwani hamna chochote zaidi ya mapipa na mifupa. Hakuna anayewatafuta watu hao."

Sylvie alisimama ndani ya mashua. Alilenga kwa mikono miwili.

Alipiga risasi tatu. Zote kwenye boya la kulia.

Hewa ilitoka kwa mluzi. Ndege ililala polepole, bawa likawa mteremko, na Hartog akaanza kuteleza. Ili asizame ilimbidi ashike nguzo ya bawa kwa mikono yote miwili.

Walther ikazama.

"Sasa subiri hapo," Sylvie alimwambia.

Hartog alisubiri kwa muda wa saa moja na nusu, maji kifuani, na Browning ikimtazama. Wakati huo Ruffin alimfunga Octave bega kwa shati lake, akaenda kumfunga rubani kamba. Kisha Octave na Ruffin walifanya kazi yao chini ya miti. Waliyaviringisha mapipa manne mpaka ufukweni. Wakaweka mifupa yote katika kaburi moja, wakalifukia, wakatandaza majani.

Joachim alifika na askari sita. Hartog alitolewa majini akitetemeka. Joachim alikagua mapipa, akasikiliza kipima mionzi kikilia, akatikisa kichwa.

"Kazi nzuri. Kwa ripoti, kisiwa hiki kina nini kingine? Makao makuu watauliza kama tupekue kote."

Octave aliyatazama majani chini ya miti.

Sylvie alikuwa akikausha Browning kwa kitambaa.

"Ndege," alisema.

Joachim alimtazama. Akaandika neno hilo moja, akafunga daftari.

Mvua ilikuwa imekatika. Sylvie alienda chini ya miti, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo uliolowa. Alikaa hivyo kidogo. Octave alikuja akasimama nyuma yake.

"Mama Carine. Jina yako ya kweli njo nani?"

"Mbuyamba."

Mzee alivua kofia.

Sylvie alisimama, akafuta mkono kwenye suruali.

"Hilo bega lishonwe leo, Papa Octave. Na mwambie Berthe barua za Jumatatu azipige mwenyewe."

Akashuka mpaka kwenye mtumbwi, akaketi, akashika kasia. Katikati ya ziwa, pasipo mtu wa kumsikia, alianza kuimba wimbo wa kanisa. Aliimba vibaya, na hakugeuka nyuma.